Watu wa Chini Hawaumwi

Ilikuwako, na hata leo ukifika utaikuta, nchi moja yenye milima upande mmoja na tambarare upande wa pili. Jina lake halisemwi hapa, kwa sababu wenyewe wameliundia kamati, na kamati haijamaliza chai. Waliokaa milimani waliitwa watu wa Juu. Waliokaa kwenye mashamba ya chumvi waliitwa watu wa Chini. Serikali ilisema kila mara kwamba wote ni sawa, lakini wengine wako juu na wengine wako chini, na hilo ni suala la ardhi tu.

Watu wa Juu walikuwa watu wa haraka. Mtu wa Juu akiumwa jino, utamsikia kabla hujamwona. Watu wa Chini walilelewa vingine. Kwao tabu haiingii nyumba ya mtu bila salamu. Ukienda kwa jirani kuomba maji ya kuzima moto, na paa lako linawaka nyuma yako, unabisha hodi, unakaribishwa, unaulizwa habari za kwako, unajibu njema, unauliza na wewe za kwake, naye anajibu njema. Mnanyamaza kidogo, kama wanavyonyamaza watu wanaoheshimiana, ndipo unasema, "Ila nyumba yangu inaungua." Jirani akishaisikia hiyo ila huruka na ndoo. Na nyumba zilizoteketea huko Chini zilikuwa chache sana, maana kila mtu alijua kwamba "njema" ni mlango tu, na kilichomleta mtu kiko nyuma ya mlango.

Sasa, zamani kidogo, aliteremka huko Chini msomi mkubwa kutoka Juu, Profesa Barnaba Kilongola, kufanya utafiti wa magonjwa. Alitandikiwa meza chini ya turubai, akawa na karani wake, chupa yake ya chai na bati la biskuti ambalo hakumkaribisha mtu. Kila aliyekuja alimuuliza habari ya afya yake. Kila aliyeulizwa alijibu njema. Profesa, mtu wa shughuli nyingi, akaita mwingine. Mzee mmoja aliletwa juu ya kitanda cha kamba, amebebwa na wanawe, naye alijibu njema. Mama mmoja alikuwa na jipu la shingo kubwa hata kichwa kimelala begani, naye alijibu njema, kwa upande.

Profesa alirudi Juu ameduwaa. Akaandika sura nzima katika kitabu kikuu cha Chuo cha Tiba, na sura hiyo aliiita "Mgonjwa wa Chini." Inasema kwamba watu wa Chini, kwa baraka za chumvi, hawaumwi kama watu wengine. Ngozi zao zimekolea. Wakija hospitali wamekuja kutembea, kwa kuwa kwao hakuna bustani. Wapewe vidonge viwili vya kutuliza maumivu, kwa heshima, na waagwe vizuri.

Wanafunzi waliisoma sura hiyo, wakaifanyia mtihani, wakafaulu, wakawa madaktari, wakawafundisha wengine. Hakuna aliyewachukia watu wa Chini. Hili lazima lisemwe wazi, watu wasije wakasingiziwa. Madaktari waliwapenda. Walisema ni wagonjwa watulivu, hawasumbui, hata kufa kwao hakuna kelele.

*

Huko Chini alikaa mjane mmoja, Bi Siwema, mfinyanzi wa vyungu na majiko ya udongo. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mwatumu. Mwatumu aliolewa na Hatibu, kijana wa kwenye mashamba ya chumvi, mwenye mikono iliyochubuka na moyo mwepesi wa kucheka. Mimba ya kwanza ilipoonekana, Bi Siwema aliacha kazi za watu akaanza kufinyanga kitungi kidogo cha kuwekea maji ya kumwogeshea mjukuu. Hakuwa na pupa nacho. Alikisugua kwa kokoto laini mpaka kikang'aa kama kimepakwa mafuta, akakichora maua ya mwasumini shingoni, akayafuta, akayachora upya.

Mimba ilipokuwa kubwa, miguu ya Mwatumu ikavimba, viatu vikamkataa. Bi Siwema hakushtuka, waja wazito wengi huvimba miguu. Kisha kikaja kichwa, kile cha kumtoa mtu machozi bila mwenyewe kulia. Hata hapo mama mtu alijikaza, akamfunga kitambaa cha maji. Lakini asubuhi moja wamekaa uani, Mwatumu anapepeta mchele, ghafla akaacha ungo ukiwa umeinama.

"Mama, hizi nyota mchana huu unaziona?"

Bi Siwema akatazama juu, palikuwa na jua tu. Halafu akamtazama binti yake, akamtoa ungo mikononi taratibu. Alikuwa na shangazi yake, zamani, mja mzito, aliyeona nyota asubuhi na hakuiona alasiri.

Hospitali Kuu ilijengwa katikati, Juu na Chini zinapokutana, ingawa mlango wake ulitazama Juu. Ndani yalikuwamo mabenchi mawili. Benchi la watu wa Juu lilikuwa na mito. Benchi la watu wa Chini lilikuwa la saruji, kwa kufuata utaalamu wa mambo ya ngozi. Waliketi hapo, Mwatumu ameegemea bega la mamaye, mpaka wakaitwa na Daktari Gervas.

Daktari Gervas alikuwa kijana wa Juu mwenye uso mwema, koti lililopigwa pasi na kalamu za rangi mfukoni. Alimuuliza Bi Siwema habari yake, na aliuliza kwa moyo. Bi Siwema akajibu njema, baba. Akamuuliza Mwatumu, Mwatumu akajibu njema, jasho linamtiririka mpaka kwenye kanga. Daktari akaandika. Bi Siwema, kama inavyotakiwa, akamuuliza na yeye za kwake, akaambiwa njema, akanyamaza kidogo kabla ya kusema kilichomleta. Katika kile kimya kidogo, vidonge viwili vilishatiwa kwenye karatasi na jina la mwingine limeshaitwa.

Wakiwa mlangoni Bi Siwema aligeuka. "Ila, baba, huyu anaona nyota."

Daktari Gervas akacheka kwa upole. "Watu wa Chini na hadithi zenu, mama. Ndiyo maana tunawapenda."

Na aliyeitwa alikuwa ameshaketi.

*

Ikatokea wiki hiyohiyo wafadhili wakatua nchini, watu wa kofia pana na maswali mengi. Walizunguka Hospitali Kuu wakaona makaburi ya watu wa Chini yamejipanga nyuma ya ukuta mpaka yamefika barabarani. Wakauliza, hawa wasioumwa, mbona wamekufa? Wizara ikajibu kwamba walikufa wakiwa na afya njema. Wafadhili hawakutosheka. Wakasema uko upendeleo uliojificha vichwani mwa madaktari, wenyewe hawaujui, na kwamba kuna msaada mnono wa kuuondoa. Serikali ilipolisikia hilo neno la mwisho, iliuona upendeleo papo hapo.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara. Watu wa Chini waliletwa kwa malori, wakagawiwa kofia, wakapangwa nyuma. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Dakta Eustakia Lipembe, alipanda jukwaani amevaa kitenge chenye picha yake mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "upendeleo huu umejificha. Serikali yenu sikivu haiwezi kuvumilia kitu chochote kijifiche ndani ya mipaka yake bila kibali. Tutautafuta kichwa kwa kichwa. Na tukishautoa, tutautangaza umetoka, na ukishatangazwa umetoka, atakayeuona tena atakuwa ameuleta yeye."

Makofi yalipigwa hadi kofia zikaanguka.

Kazi ikaanza. Kila daktari aliketishwa mbele ya picha mbili, mtu wa Juu na mtu wa Chini, akaulizwa ni yupi anampenda zaidi. Ukutani, juu ya picha, jibu lilikuwa limebandikwa kwa herufi kubwa: WOTE SAWA. Madaktari wote walifaulu, isipokuwa mzee mmoja aliyezitazama picha kwa muda mrefu, akasema kwamba kwa kweli yule wa Chini humwona kama hayupo, na kwamba jambo hilo linamnyima usingizi. Huyo aliondolewa wodini, akapewa kazi ya kukagua maua ya hospitali. Wenzake walivishwa beji nyeupe zilizoandikwa SINA UPENDELEO, na ikapita sheria kwamba mwenye beji hawezi kuwa na upendeleo, kwa kuwa umeshatolewa.

Chuo cha Tiba nacho hakikulala. Iliundwa jopo la maprofesa, mwenyekiti wake Profesa Kilongola yuleyule, sasa mzee wa kushikwa mkono. Baada ya safari nyingi na karamu kadhaa jopo likatoa ugunduzi uliotikisa dunia ya wasomi: mtu wa Chini, baada ya kusema njema, huwa na ila. Profesa Kilongola akapewa nishani kwa kugundua kitu alichokuwa amekikatiza mwenyewe.

Likabaki swali la daktari aingoje ila kwa muda gani. Wengine walitaka mfupi, wengine mrefu, wakapatana kwamba ziagizwe saa za mchanga. Kazi ya kuzileta akapewa shemeji yake Waziri, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa muuza magodoro. Zikaja kubwa kama matikiti, zina vifuniko vya mbao vilivyonakshiwa, na mchanga wa kutoka Juu, maana mchanga wa Chini ulisemekana una chumvi. Utaratibu ukatungwa: mgonjwa wa Chini akisema njema, daktari ageuze saa ya mchanga na angoje kwa unyenyekevu hadi mchanga uishe. Na asimkodolee mgonjwa macho, isije ikawa anamharakisha. Autazame mchanga.

Bi Siwema aliyasikia haya kwenye redio ya Hatibu, mikono yake imo katika udongo mpaka viwikoni. Akalia palepale, machozi yakaingia kwenye chungu. Wakati huo uso wa Mwatumu ulikuwa umeumuka kama maandazi, macho yamebaki nyufa, na hata mwanga wa dirisha ulimchoma. Kwa wiki kadhaa mama yake alikuwa akizunguka naye zahanati zote za karibu, na kila mahali alikuta sura ileile ya kitabu kilekile. Sasa akamfuta uso kwa kanga iliyolowa, akamwambia polepole karibu na sikio, "Mwanangu, safari hii watatusikia."

*

Hatibu aliazima mkokoteni wa kubebea chumvi, akautandika magunia na juu yake mto wa sufi, wakamlaza Mwatumu ubavu. Hospitali walikuta mabadiliko makubwa. Benchi la saruji lilikuwa la saruji bado, lakini lilitundikiwa kibao: BENCHI LA USAWA. Daktari Gervas, beji inang'aa kifuani, alisimama walipoingia, akainama kidogo kama alivyofundishwa.

Wakasalimiana. Njema, njema. Daktari akaigeuza saa ya mchanga kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya meza, akaanza kuutazama mchanga kwa akili zake zote, midomo inachezacheza.

Sasa, watu wa Chini wana adabu nyingine, ya zamani kuliko ile ya kwanza. Humwelezi mtu shida yako akiwa ameshughulika. Ukimkuta mwenyeji anatunga uzi kwenye sindano, unangoja mpaka uzi uingie. Bi Siwema aliona huyu bwana ana kazi, tena ya kuhitaji macho. Akangoja aimalize. Mwatumu akangoja. Daktari naye anawangoja wao. Mchanga ukashuka, mzuri, taratibu, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Chembe ya mwisho ilipoanguka Bi Siwema akavuta pumzi aseme, na daktari akavuta kalamu akaandika "Ila: hakuna," akashusha mabega kama mtu aliyefaulu mtihani mgumu, akagonga kengele. Vidonge viwili.

Nje Hatibu aliuliza wamesemaje. Bi Siwema akamwonyesha vile vidonge viwili. Mwatumu alikuwa amelishika gurudumu la mkokoteni kwa mikono yote miwili. Alisema nyota zimekuwa nyingi, hata mama yake hamwoni vizuri, amesimama katikati ya hizo nyota.

Hapo Bi Siwema akafanya jambo ambalo hakulelewa kulifanya. Alirudi, akausukuma mlango bila hodi, akampita aliyekuwa ameketi, akasema bila salamu, "Mwanangu anakufa. Ana mimba, amevimba mwili mzima, kichwa kinampasuka, haoni. Njoo umtazame sasa hivi."

Kalamu ilimwanguka Daktari Gervas. Haikuangushwa na habari ya Mwatumu. Iliangushwa na ile namna ya kusema, kwa kuwa katika semina walikuwa wameonywa juu yake. Alimtoa yule mgonjwa mwingine nje kwa upole, akamvutia Bi Siwema kiti.

"Mama, pole sana. Nani amekufundisha kusema hivi?"

"Sikufundishwa. Mwanangu anakufa."

"Lakini kwenu mnaanza na salamu."

"Tunaanza na salamu, baba, tukiwa na nafasi."

"Unaona sasa? Hapo unatuiga sisi wa Juu. Na sisi tumeapa, mama, hatutakubali tena mgonjwa wa Chini auache utu wake kwa ajili yetu. Hayo ndiyo makosa tuliyokuwa tukiyafanya." Machozi yalikuwa yanamlengalenga machoni, na hakuwa akijisingizia.

"Leo nimeuacha mlangoni, baba. Nitaupitia nikirudi."

"Siwezi kukuruhusu," akasema Daktari Gervas. "Nina beji."

Akamwandikia aende Dawati la Utamaduni. Kilikuwa chumba mwishoni mwa ukumbi, kimepakwa rangi nyeupe ya chumvi, kimetundikwa vyungu ukutani, viwili kati yake Bi Siwema alivifinyanga yeye. Alimkuta msichana wa Juu aliyejifunga kanga maandishi yameangalia chini, aliyesomea mila za Chini akapata alama za juu. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu wa Chini kwenye salamu zao. Alimwomba Bi Siwema asalimu. Bi Siwema akasalimu. Akaambiwa hapana, mama, umeharakisha, na sauti haina ule utulivu wenu. Akaambiwa ainame kidogo zaidi. Akaambiwa ajaribu tena, na safari hii afikirie bahari.

Alikuwa anarudia, njema, njema, iliposikika kelele ya mwanaume uani. Alikuwa Hatibu. Bi Siwema alitoka mbio na yule msichana nyuma yake anamwambia hajamaliza.

Mwatumu alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni. Mwili ulikuwa unampigapiga chini, meno yamefungana, povu pembeni mwa mdomo, na Hatibu amempakata kichwa kisigonge mawe. Sasa madaktari walikimbia. Walikimbia kweli, na machela, na sindano, na Daktari Gervas mbele yao, kwa sababu hawakuwa watu wabaya, na kifafa cha mimba walikijua sana. Kimo katika kitabu chao, katika sura ya Mgonjwa wa Juu, pamoja na dalili zake zote, uvimbe, kichwa na nyota za mchana.

Wakapasua. Mtoto alitoka hai, wa kike, analia. Mama yake hakuamka.

*

Tume iliundwa haraka, maana wafadhili walikuwa bado hotelini. Ikaichunguza beji ya Daktari Gervas ikaikuta halali, kwa hiyo upendeleo haukuwapo. Ikaichunguza saa ya mchanga, ikaigeuza mara kadhaa mbele ya mashahidi, ikaikuta na afya nzuri. Ikaona kwamba marehemu aliulizwa hali yake, akajibu, akangojewa, na hakuwa na ila. Kasoro pekee iliyoonekana ni ya mama wa marehemu, ambaye kwa kuingia bila salamu aliuchanganya utaratibu. Tume ikamsamehe. Msamaha wenyewe uliletwa na gari, umetiwa fremu na kioo.

Daktari Gervas alifika matangani. Aliketi mkekani na watu, akavua viatu, akakataa chakula. Bi Siwema alimmiminia kahawa. Daktari akaanza yeye.

"Mama, nimehamishiwa Chuoni. Nafundisha somo juu ya yaliyotupata. Nimelipa jina la Mwatumu."

"Asante, baba. Na wanafunzi wanalifaulu?"

"Wote, mama."

Bi Siwema akamwongeza kahawa.

*

Yule mtoto aliitwa Sikudhani. Baba yake alimpenda, lakini hakuweza kumtazama kwa muda mrefu, akawa analala hukohuko kwenye chumvi na kuleta alichopata. Kwa hiyo Sikudhani alilelewa na bibi yake kati ya vyungu. Alipoanza kusema, jirani, Bi Mkejina, alikuja kama ilivyo desturi ili amfundishe salamu, maana huko Chini salamu za kwanza hufundishwa na mtu wa nje ya nyumba. Bi Siwema alimpa kiti, akampa uji wa pilipili manga, akamkatalia. Bi Mkejina aliondoka akidhani ni majonzi, yatapita.

Hayakupita. Baada ya miaka Bi Mkejina alirudi tena, amekunja uso.

"Shoga, huyu mjukuu wako ameingia kwangu kama paka. Hakubisha hodi, hakusalimu. Ananiambia ana njaa."

"Ulimpa chakula?"

"Nilimpa."

"Basi alisema vizuri."

"Siwema, mtoto hana adabu."

"Hana," alisema Bi Siwema, akaendelea kukanda udongo. "Ile iliyokuwa yake tulimzika nayo mama yake."

Bi Mkejina alikwenda zake bila kuaga. Lakini naye alikuwa na wajukuu, na nyuma ya ukuta wa Hospitali Kuu alikuwa na mtoto wake pia, na njiani alilifikiria jambo lile. Muda si mrefu wajukuu zake wakawa hawasalimu. Nyumba kwa nyumba likaenea, mpaka watoto wa Chini wakawa wakiumwa wanasema, wanaingia hospitali wakipiga kelele kama waliozaliwa mlimani, pa tumbo tumbo, pa kichwa kichwa.

Chuo cha Tiba kiliona badiliko hilo, kwa kuwa kilikuwa chuo makini. Kikachapa kitabu upya, na katika sura ya Mgonjwa wa Chini ikaongezwa aya, aliyoiandika Profesa Gervas, maana sasa alikuwa Profesa. Ilisema kwamba kizazi kipya cha Chini, kwa bahati mbaya, kimeingiwa na tabia ya kutia chumvi. Wasikilizwe kwa heshima zote, kisha wanachokisema kikatwe nusu.

Sikudhani aliangukia kwenye shimo la udongo akavunjika mkono. Alipelekwa, akaingia, akasema kwa sauti kwamba mkono umevunjika, na unaonekana umevunjika. Daktari mwenye beji alimsikiliza mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, akamshukuru kwa maelezo mazuri, akamfunga plasta nusu ya mkono na kumpa sindano nusu ya maumivu. Nusu ya pili ya mkono iliungana yenyewe, na iliungana upande.

Bi Siwema hakugombana na mtu. Alirudi naye nyumbani, akakaa siku nzima anafikiri, mikono mitupu mapajani. Kesho yake akaanza kumfundisha. Likikuchoma kama mwiba, mjukuu wangu, sema kisu. Likiwa kama kisu, sema panga. Kama ni la kukaa, wewe lala. Kama ni la kulala, gaagaa. Walifanya mazoezi uani, kati ya vyungu vilivyoanikwa, bibi ameketi kwenye kigoda kama daktari na mtoto anaingia kwa kilio. Bibi alimsahihisha: nyusi zikunje hivi, mdomo upinde huku, mkono ushike penye maumivu usiachie. Mtoto alikuwa na kipaji. Walipokwenda tena kwa homa alipewa dawa kamili, na Bi Siwema alirudi njiani anatembea wima, kitu ambacho hakukifanya tangu Mwatumu afe.

Hata alasiri moja, Bi Siwema anafinyanga jiko la mteja, Sikudhani akaacha kucheza na wenzake. Alikuja polepole, ameshika ubavu wa kulia, akaketi kwenye rundo la makumbi karibu na bibi yake. Hakulia, hakupiga kelele, alikaa tu. Bibi akamuuliza kuna nini. Mtoto akasema hajui. Bibi akamuuliza tena, kwa sauti ya chini.

"Bibi, hapa pananiuma," alisema Sikudhani. "Lakini sijui kama pananiuma kweli, au ni ile nusu tunayoongeza."

Bi Siwema akafuta udongo mikononi kwa kanga, kidole baada ya kidole. Akamlaza mtoto mapajani, akambonyeza ubavu kidogo, akambonyeza tena pembeni, huku amemwinamia usoni, anatafuta alama. Nyusi za mtoto zikakunjana. Mdomo ukapinda upande uleule. Mkono ukashika penye maumivu, haukuachia. Ulikuwa uso wa maumivu mzuri sana, hauna kasoro hata moja, na Bi Siwema aliutazama mpaka jua likaondoka uani, na yeye pia hakujua.